JE, RIWAYA NI UONGO?



Mwezi uliopita mzee mmoja wa kanisa letu alikuja nyumbani kwangu kuchukua ufunguo wa stoo. Mezani alikuta vitabu vitatu vya riwaya, kimoja kimelazwa kifudifudi na miwani yangu juu yake. Siku hiyo hakusema kitu. Alisubiri Jumatano baada ya maombi, watu wakiwa bado wamekaa, ndipo akaniuliza kwa upole, kama ilivyo kawaida yake: "Mchungaji, hivi vitabu unavyosoma, watu waliomo ndani walikuwapo kweli?" Nikajibu hapana, ni hadithi za kutungwa. Akasema, "Basi ni uongo. Na baba wa uongo tunamjua." Watu wakacheka, nami nikacheka, lakini jibu sikuwa nalo. Kisha akaongeza neno ambalo halikumchekesha mtu: "Sisi tuna wafu wetu wa kweli, na ni wengi. Kwa nini tumlilie mtu wa karatasi?"

Nimekaa na maneno hayo wiki nne. Leo najaribu kuyajibu, na naomba mnivumilie kwa sababu jibu lenyewe limenipeleka mahali ambapo sikutaka kwenda.

Kwanza niwaeleze vitabu vilivyofikaje kwangu. Mwalimu mmoja, jirani yetu wa miaka mingi, alipata safari ya kwenda Kanada na jamaa yake yote. Mnajua wanaosafiri hupimiwa mizigo. Kati ya sufuria, nguo za watoto na vitabu, mama wa nyumba alichagua, na vitabu vikashindwa. Usiku wa mwisho aliniletea katoni iliyofungwa kamba. Ilikaa chini ya kitanda changu karibu mwaka mzima. Nilipoifungua mwanzo wa masika nilikuwa natafuta kamusi.

Nilichosoma kwanza ni Rosa Mistika cha Euphrase Kezilahabi, mtu wa kisiwa cha Ukerewe, aliyefariki mwaka 2020. Kitabu kilitoka mwaka 1971. Kwa muda kilikatazwa mashuleni hapa Tanzania kwa sababu ya mambo yaliyomo, na baadaye kikaja kufundishwa katika mashule hayo hayo. Mimi nilikuwa nimesikia habari ya kukatazwa tu. Ukweli ni kwamba miaka mitatu iliyopita nilimnyang'anya kitabu hicho binti mmoja wa kwaya, nikamwambia akasome Methali. Sikukifungua hata ukurasa mmoja. Nilihukumu kwa kusikia, jambo ambalo huwa nawakataza ninyi.

Nilipokisoma nilimkuta Zakaria. Ni baba wa watoto wengi, alikuwa mwalimu akaacha kuwa mwalimu, anakunywa, na mkewe Regina anabeba nyumba kwa uvumilivu. Mimi sinywi. Kwa hiyo kurasa za mwanzo nilimsoma Zakaria kwa raha, kama mtu anayemtazama jirani akigombana. Kisha binti yake mkubwa, Rosa, anapata barua ya mvulana, na baba anampiga kupita kiasi. Anapiga kwa ajili ya heshima ya nyumba. Baada ya hapo Rosa anaogopa wanaume wote, na anapofika mbali na macho ya baba, shuleni Mwanza, ule woga unageuka kuwa kitu kingine kabisa. Anaangukia mikononi mwa wanaume mmoja baada ya mwingine, na mwisho wake ni kujiua. Mwandishi hamsifu Rosa. Hasemi uzinzi ni mzuri. Anaonyesha tu, hatua kwa hatua, mlango ulifungwa na nani na dirisha lilivunjwa na nani.

Hapo nikaweka kitabu chini. Mimi sinywi, nimesema. Lakini binti yangu ana miaka 16, na mwaka jana nilikuta ujumbe katika simu ya mama yake ulioandikwa na kijana wa kijiji cha tatu. Sitaeleza nilichofanya. Yeye anasoma gazeti hili, na amenipa ruhusa kuandika mpaka hapa tu.

Sasa, ndugu msomaji, niambie. Zakaria hakuwapo. Hakuna kaburi lake Ukerewe. Ila mimi nimehubiri juu ya malezi kutoka Waefeso 6 zaidi ya mara ishirini, nikisimama upande wa anayesema, na sikuwahi kujiona. Mtu wa karatasi ndiye aliyenikamata. Ule mstari wa kuwakataza akina baba wasiwachokoze watoto wao naujua kwa kichwa, kwa Kiswahili na kwa Kifaransa. Kuujua kwa kichwa hakukunisaidia kitu.

Ndipo nikamkumbuka nabii Nathani. Fungueni 2 Samweli 12. Daudi amemchukua mke wa Uria na kumuua Uria kwa upanga wa adui. Nathani anatumwa na Bwana mwenyewe, na anapofika mbele ya mfalme anaanza kusimulia habari ya tajiri mwenye makundi ya kondoo na maskini mwenye kondoo mmoja mdogo aliyemlea pamoja na watoto wake. Tajiri hakuwapo. Maskini hakuwapo. Na yule kondoo je, aliyekuwa akila chakula cha maskini na kulala kifuani pake? Hakuwapo. Daudi aliwaka hasira kwa ajili ya mnyama wa kutungwa, akatoa hukumu, na hukumu ikamrudia kichwani. Kama Nathani angeingia na kusema mambo ya Uria moja kwa moja, mfalme angekuwa na maelezo tayari. Sisi sote tuna maelezo tayari juu ya mambo yetu wenyewe. Juu ya kondoo wa mtu mwingine hatuna.

Yothamu naye, katika Waamuzi 9, alipanda juu ya mlima Gerizimu akawasimulia watu wa Shekemu jinsi miti ilivyokwenda kutafuta mfalme, mpaka ikaufikia mti wa miiba. Miti haitembei. Kila mtu pale alijua. Na kila mtu alijua mti wa miiba ni Abimeleki. Alipomaliza alikimbia, akakaa Beeri kwa kumwogopa ndugu yake. Mkimbizi mwenzetu, kwa sababu ya hadithi.

Nilimfikiria Yothamu nilipokuwa nasoma Kusadikika cha Shaaban Robert, kilichotoka mwaka 1951 wakati Waingereza wanatawala Tanganyika. Nchi ya Kusadikika iko angani, haina mguu ardhini. Mtu mmoja, Karama, anashtakiwa na waziri mkubwa kwa kosa la kutaka watu wafundishwe sheria. Anasimama barazani siku baada ya siku akijitetea kwa kusimulia habari za wajumbe waliotumwa nchi mbalimbali, wakarudi na mambo mema, na badala ya shukrani wakatupwa gerezani. Kwa lugha ni kitabu cha taratibu sana, na kuna mahali nilisinzia, nakiri. Lakini mtu aliyekaa kwenye benchi la ofisi hapa kambini, akisubiri jina lake liitwe, ataijua baraza hiyo mara moja.

Kuhusu Mtume Paulo kumwonya Timotheo juu ya hadithi zisizofaa, mzee wetu alinitajia, nami siupingi mstari huo. Paulo alikuwa anawasema watu waliochukua mambo ya kutungwa na kuyafundisha kama mafundisho ya Mungu. Kosa lao lilikuwa kuficha kwamba yametungwa. Paulo huyo huyo pale Athene, Matendo 17, aliwakumbusha wasikilizaji wake maneno ya washairi wao wenyewe, ambao hawakuwa Wayahudi wala Wakristo.

Hapa ndipo nilifikiri nimepata jibu. Mtunzi wa riwaya ametuambia mapema. Hata bibi zetu, kabla ya kusimulia habari ya sungura na fisi, walitwambia kwanza kwamba ni hadithi, nasi tukaitikia. Kuitikia kule ni mapatano. Hakuna anayeibiwa. Mwongo hakuombi uitikie. Anachukua imani yako bila wewe kujua, kama mtu anayechukua unga gizani. Kwa hiyo riwaya si uongo, na mzee wetu amejibiwa. Nilihubiri hivyo Jumapili ya pili ya mwezi, kwa ufupi, na watu walipiga makofi.

Siku mbili baadaye kijana mmoja alinijia usiku. (Habari zake nimezibadilisha kidogo ili asijulikane. Nimewaambia, kwa hiyo sijawadanganya.) Aliniambia, "Mchungaji, mahubiri yamenisaidia. Nina mahojiano." Kesi yake ilikuwa na miaka mingi ofisini. Mambo aliyoyapitia ni ya kweli na ni mazito, ila aliambiwa na wenzake kwamba si mazito ya kutosha, kwamba wanaosikiliza wameshasikia vijiji vingi vilivyochomwa. Alitaka kuongeza kwamba kaka yake aliuawa mbele ya macho yake. Kaka yuko hai, ng'ambo ya ziwa, ana mke na watoto. Kijana alitaka nimsaidie kuipanga hadithi iende vizuri, maana mimi ni msomi na ninajua jinsi hadithi zinavyopangwa. Akasema, "Nathani alitunga ili haki itendeke. Na mimi natunga ili haki itendeke. Nimeteseka kweli, Mchungaji. Nabadilisha jina la mateso tu."

Wapendwa, katika chuo cha Biblia tulisoma mafundisho ya maadili mihula miwili. Hakuna mwalimu aliyeniandaa kwa usiku ule. Kijana hakuwa mlaghai. Alikuwa amechoka. Na nyote mnajua kuna waliopita kwa njia hiyo, na leo wanatutumia picha za theluji.

Nilimwambia kwanza kuhusu mapatano, kwamba msikilizaji wa pale ofisini hajaitikia hadithi. Akanijibu mara moja: "Farao naye hakuitikia, na wale wakunga walimdanganya, na Mungu akawatendea mema. Rahabu je?" Kijana anasoma Biblia yake. Nilinyamaza. Rahabu alidanganya ili kuokoa watu wengine, shingo yake mwenyewe ikiwa hatarini, na wakunga walisimama kati ya mfalme na watoto wachanga. Siwezi kuwahukumu, na sitaki kanisa linalowahukumu. Askari akija mlangoni kumtafuta mtu aliyejificha ndani kwangu, sijui kama ningemwonyesha chumba. Nadhani nisingemwonyesha.

Kisha likanijia neno la Mwanzo 12, nalo ni neno letu kabisa. Abramu alikimbia njaa akaingia Misri kukaa ugenini. Kabla ya mpaka alimwambia Sarai, tuseme wewe ni dada yangu. Kwa lugha ya leo, alibadilisha kesi. Na lazima niwe mkweli juu ya maandiko: ilimfaa. Alipewa kondoo, ng'ombe, punda, watumwa na ngamia. Wanaosema uongo hauna faida hawajasoma sura hiyo. Ila angalieni ni nani aliyelipa. Sarai alipelekwa nyumbani kwa Farao. Hadithi ilitoka kinywani mwa Abramu, na mwili ulioibeba ulikuwa wa mwingine.

Nikamwuliza kijana, "Kaka yako akipiga simu baada ya mahojiano, utapokea?" Akasema kwa nini nisipokee. Nikamwambia: kwa sababu faili litasema amekufa. Ukifika huko na ukataka kumwita, utamwitaje? Utaandika jina la nani? Watoto wake watakuwa watoto wa marehemu asiye na kaburi. Kila mwaka utamwua tena kidogo, kwenye fomu nyingine, mbele ya mtu mwingine. Zakaria wa kwenye riwaya nikimfunga kitabuni anakaa kitabuni. Kaka yako huwezi kumfunga.

Alilia, na mimi nikanyamaza naye. Sikumwambia atashinda akisema kweli. Sijui hilo, na nisingependa kumtungia. Nilimwambia tu tukae tuandike yaliyompata kwa utaratibu, siku na mahali, bila kuongeza na bila kupunguza, kwa sababu katika kusimulia upesi upesi alikuwa ameacha mambo mengi. Tulikaa usiku mbili. Kuna jambo moja alilolipita kwa sentensi moja, na nilipomwuliza alichukua saa nzima. Miaka yote hiyo alidhani halina uzito kwa sababu halikuwa na damu.

Alipoondoka nilitakiwa kulala na dhamiri safi. Sikulala. Na hapa ndipo nilipopelekwa mahali nisipotaka.

Wengi wenu mmesikia ushuhuda wangu wa kuvuka Ziwa Tanganyika mwaka 1998, nikiwa na miaka 18. Nimeusimulia hapa, nimeusimulia kwa wageni waliotutembelea, na mara moja ulirekodiwa. Ninasema kwamba usiku ule, mtumbwi ukiwa umejaa kupita kiasi na maji yakiingia, nilisimama nikaongoza maombi, na ziwa likatulia. Ziwa lilitulia, ni kweli. Lakini aliyeomba alikuwa mama mzee aliyekaa karibu na mwenye kasia. Aliomba kwa sauti, na mimi nilimwambia anyamaze, kwa ukali, kwa kuogopa kwamba sauti itasikika ufukweni. Hakunyamaza. Alishusha sauti tu akaendelea. Tulipofika upande wa Kigoma tulipotezana, na sikuwahi kumwomba radhi.

Sikuamua siku moja kuugeuza ushuhuda. Mara ya kwanza nilisema "tuliomba", na hilo halikuwa mbali sana. Mara ya pili watu waliitikia amina kwa nguvu. Baada ya miaka michache "tuli" ikawa "nili". Hakuna aliyeniuliza, kwa maana nani anamhoji mchungaji? Kitu kibaya zaidi ni kwamba kwa muda mrefu nilijiona kweli nikiwa nimesimama katika mtumbwi ule. Kezilahabi ndiye aliyeniamsha, mtu aliyetunga watu wote wa kitabu chake na hakumpamba hata mmoja. Nami, niliyekuwa nasimulia mambo yaliyotokea, nilikuwa nimempamba mmoja, na nilikuwa nimemfuta mama wa watu.

Kwa hiyo, mzee wangu mpendwa, jibu langu limebadilika tangu mahubiri yale. Bado nasema riwaya si uongo. Lakini nilikosea kukujibu kama vile hatari iko upande wa vitabu vilivyoandikwa juu ya jalada kwamba ni riwaya. Baina yetu ziko hadithi zisizo na jalada: za mahojiano, za madhabahuni, na zile tunazowasimulia watoto wetu juu ya nyumba na ng'ombe tulioacha nyumbani, ambao kila mwaka wanazidi kuongezeka. Na kuhusu wafu wetu wa kweli, umesema vema kwamba ni wengi. Nimewazika wengi hapa nikiwa nimeshika kitabu cha ibada, na mwenye kushika kitabu cha ibada haachiwi nafasi ya kulia. Nilipomlilia Rosa, sikuwa nikimlilia yeye peke yake. Sijui kuieleza vizuri zaidi ya hapo.

Kitabu cha tatu sikukimaliza. Ni Siku Njema cha Ken Walibora, cha mwaka 1996: mtoto yatima wa Tanga, Kongowea, anavuka mpaka kuingia Kenya kumtafuta baba asiyemjua, na anaambiwa yuko Kitale. Nilikuwa nimefika katikati ya safari kijana wangu alipokiona na kukiomba. Aliniuliza kwanza kama kijana anampata babaye. Nikamwambia asome.

Rosa Mistika nimemrudishia binti wa kwaya, ambaye sasa ana mtoto mchanga, pamoja na neno la kuomba radhi. Alikipokea kwa mikono miwili, akasema alikuwa amesahau. Sidhani alikuwa amesahau.

Jumapili ya mwisho ya mwezi nilisimama nikasimulia kuvuka ziwa tena, mara hii na mama mzee ndani yake. Amina zilikuwa chache. Baada ya ibada mzee wetu alinifuata nyumbani. Alikaa muda mrefu bila kusema, akitazama katoni. Kisha akachukua Kusadikika, akakigeuza, akauliza kama mwandishi alikuwa Mkristo. Nikamwambia hapana, Shaaban Robert alikuwa Mwislamu, alifariki mwaka 1962. Akafikiri. Akauliza kama yule Karama mwishoni wanamwachia. Nikamjibu kama nilivyomjibu kijana. Akaweka kitabu kwapani, akaomba ufunguo wa stoo, akaondoka.